Kuwapeleka Vijana Mlangoni mwa Mto Sabaki: Mwongozo kwa Walimu na Walezi

Mto unaoingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi hubadilisha jina mara mbili kabla ya kutufikia. Huko juu, unapopita pembezoni mwa Nairobi na kuteremka Ukambani, huitwa Athi. Ukishaungana na mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki huitwa Galana. Na sisi wa pwani twauita Sabaki. Ni mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na kila msimu wa mvua huteremsha udongo mwingi uliokombwa katika mashamba ya bara. Kijana aliyezaliwa Malindi ameiona bahari ya mji wake ikigeuka rangi ya matofali wakati wa kaskazi tangu akiwa mdogo, kwa kuwa miezi hiyo upepo na mkondo husukuma maji ya mto kuja kusini, upande wa mjini, ilhali wakati wa kusi huyasukuma kwenda upande wa Mambrui. Hata hivyo wengi wa vijana hao hawajawahi kusimama pale udongo wenyewe unapoingilia baharini.

Mwongozo huu umekusudiwa walimu wa shule na wa madrasa, wazazi, na viongozi wa vikundi vya vijana wa miaka 9 hadi 16. Shauri langu kubwa nalitoa mapema, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinalitegemea: usijaribu kuwaonyesha vijana mlango wote wa mto kwa siku moja. Chagua kipande kidogo, kiasi cha hatua hamsini kwa hamsini, kisha mrudi papo hapo mara nne au tano kwa mwaka. Kijana aliyepitishwa mahali kumi kwa asubuhi moja hukumbuka joto na basi. Aliyerudi mahali pamoja mara tano huanza kukuuliza maswali usiyokuwa na majibu yake, na hapo ndipo kazi huwa imeanza.

Hatua ya kwanza: nenda mwenyewe kabla ya watoto

Wiki moja au mbili kabla ya ziara, nenda na mtu mzima mmoja zaidi, na wa kwanza kuzungumza naye awe mvuvi. Mlango wa Sabaki hauna umbo la kudumu. Mafungu ya mchanga huhama, vijito hufunga na kufunguka, na ramani ya mwaka jana yaweza kukupeleka kwenye maji ya kifuani. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu chini ya mvinje, nikamwuliza kuhusu fungu tulilokuwa tukilitumia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Fungu lile halipo tena. Mto umelila tangu masika. Sasa piteni huku, kwenye mchanga wa giza, na mkiuona mchanga unang’aa kama umepakwa mafuta, msiukanyage.”

Mchanga unaong’aa hivyo ni tope la kudidimia lililofunikwa na tabaka jembamba la mchanga, na mtu mzima huzama hadi mapajani. Maneno yale mawili ya mzee yalinifaa kuliko picha zote za angani nilizokuwa nimeziangalia.

Siku hiyo hiyo zungumza na mzee wa mtaa na uongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, ambacho wavuvi hukiita BMU, uwaeleze idadi ya watoto, siku, na saa ya kurudi. Ikiwa mnakusudia kufanya lolote zaidi ya kutazama, kwa mfano kukusanya viumbe au kupanda miche ya mikoko, wasiliana kwanza na ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS) na ile ya Huduma za Misitu, kwani wanyamapori na misitu ya mikoko vinalindwa na sheria. Ruhusa za wazazi ziwe za maandishi, na zitaje pia kama mtoto aweza kupigwa picha.

Hatua ya pili: panga siku kwa mwezi, kisha kwa kalenda

Hapa ndipo wengi hukosea, nami ni mmoja wao. Mara ya kwanza nilipokwenda na kundi niliangalia tu kwamba ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na vijana 32, tukavuka kijito kikavu hadi kwenye fungu la mchanga, tukazama katika kuhesabu ndege, na tulipogeuka kijito kile kilikuwa kimefika magotini na kinakwenda kasi. Tulivuka salama kwa kushikana mikono, lakini mtoto mmoja alipoteza viatu vyote viwili, nami usiku ule sikulala vizuri.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika zipatazo hamsini, ndiyo maana saa za maji husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hufikia mwisho wa kupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi ya siku hizo maji huwa yanajaa. Anayefuata tarehe za mwezi kwa ajili ya funga na sikukuu tayari ana nusu ya elimu hii. Nusu ya pili ataipata katika jedwali la maji, ambalo wavuvi wengi siku hizi huliangalia kwenye simu.

Kwa hiyo kuna ziara za aina mbili. Mkitaka tope, kaa na mikoko, nendeni wakati wa bamvua, mfike maji yakiwa bado yanakupwa, na muwe mmeanza kurudi dakika ishirini kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa. Mkitaka ndege, maji mafu ya asubuhi ni mazuri zaidi, kwa sababu maji yanapopanda polepole huwasogeza ndege kwenye mafungu machache yaliyosalia, ambapo huwaona wengi kwa pamoja bila ya kuwafuata. Wakati wa bamvua ndege hao hao hutawanyika kwenye tope la mbali, na hata kwa darubini huwa ni vidoa tu.

Zingatieni pia saa za madrasa za mwisho wa wiki, na mpange kurudi kabla ya adhuhuri. Jua la saa sita kwenye mchanga mtupu si la kumweka mtoto.

Hatua ya tatu: vitu vya kuchukua

Si vingi. Kila kijana awe na kofia, maji ya kunywa lita moja, viatu vya kufunga vya zamani (ndara hubaki topeni), daftari, na penseli badala ya kalamu, kwa kuwa wino huyeyuka ukipata maji. Kundi liwe na darubini mbili, bakuli jeupe la plastiki, chupa nne angavu zenye vifuniko, kamba ya mita 4, rula, kifuniko cheusi cha kopo, ndoo ndogo iliyofungwa kamba, filimbi, sabuni, na sanduku la huduma ya kwanza. Watu wazima wawe mmoja kwa kila vijana sita, na kundi zima lisizidi vijana 18.

Hatua ya nne: mipaka isiyojadiliwa

Sabaki una viboko na mamba. Hili lisemwe waziwazi kwa watoto na kwa wazazi, bila kutisha na bila kupunguza. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula majani na hurudi alfajiri, na hatari yake kubwa humpata mtu aliyesimama kati yake na maji. Kwa hiyo msifike kabla ya saa moja na nusu asubuhi, msibaki hadi jioni, na msiingie kamwe katika njia zilizokanyagwa ndani ya matete, kwa kuwa njia zile si za watu. Mamba huvizia kwenye ukingo wa maji yaliyotulia na yenye rangi ya udongo, mahali ambapo jicho la mtu halioni hata shibiri moja chini. Hakuna mtoto anayesogelea ukingo wa mkondo wa mto. Shughuli zote zifanyike upande wa bahari, kwenye kipande ambacho wavuvi wamekithibitisha asubuhi ile ile.

Hakuna kuogelea wala kutembea katika madimbwi ya maji baridi nyuma ya ufuo, kwani maji ya aina hiyo yaliyotulia ndiyo makao ya konokono waenezao kichocho. Hakuna kugusa mizoga. Mpango wa filimbi uwe rahisi: mlio mmoja, simameni mlipo, milio mitatu, rudini kwangu mara moja. Ujaribuni mara mbili kabla ya kuondoka kwenye gari, maana watoto huupuuza mlio wa kwanza daima.

Hatua ya tano: ndege, kwa kukaa

Mkifika, wakalishe vijana chini, nyuma ya tuta la mchanga kama lipo, mita mia moja au zaidi kutoka kwa kundi la ndege lililo karibu. Dakika kumi za kwanza hakuna jina la ndege litakalotajwa. Kila mmoja achague ndege mmoja tu na aandike anachofanya: anatembea au anakimbia, anadonoa juu ya tope au anazamisha mdomo wote, yuko peke yake au na wenzake. Nimeona kwamba kijana anayeambiwa jina mapema huacha kutazama, kana kwamba amekwisha kupewa jibu.

Baada ya hapo majina yaje. Heroe hutambulikana kwa urahisi, na wako mwari, yangeyange, korongo na membe wa aina kadhaa. Chamchanga huwachanganya hata wazoefu, na mimi husema waziwazi kwamba wengine siwajui. Katika chamchanga hao muwatafute wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini. Hawa huzaliana Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, hufika kwetu tangu mwezi wa Agosti na Septemba wakiwa wa kijivu, na mnamo Aprili, kabla ya kuondoka, manyoya yao hugeuka mekundu ya kahawia. Kundi linalokuja mara moja haliwezi kuuona mgeuko huo. Kundi lililokuja Januari likarudi Aprili huuona kwa macho yake na huwa na vielelezo katika daftari.

Wageni wengine hutoka upande wa pili. Miezi ya kusi, hasa Agosti, mlango wa Sabaki hupokea makundi makubwa ya ndege wa kahawia wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, wanaozaliana Madagaska na kuja kupumzika kwenye mchanga wetu. Idadi yao duniani ni ndogo, na mlango huu ni mojawapo ya sababu zilizofanya Sabaki uhesabiwe miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Kwenye nyasi fupi zilizo nyuma ya ufuo yupo pia ndege mdogo wa kahawia, mwenye michirizi kifuani, ambaye wataalamu walimpa jina la mji wetu: Anthus melindae. Hupatikana katika mwambao wa Kenya na Somalia pekee. Hana rangi ya kuvutia, lakini sijaona mtoto wa Malindi asiyetabasamu akiambiwa jina lake.

Kuna jambo moja la kukatazwa kwa ukali, nalo ni kukimbilia kundi ili liruke, jambo ambalo hata watu wazima hulifanya kwa ajili ya picha. Ndege anayejiandaa kuruka hadi Siberia anahitaji kila dakika ya kula, na kila anaporushwa hutumia mafuta aliyoyaweka kwa safari.

Hatua ya sita: tope na mchu

Mti wa mikoko utakaoukuta kwa urahisi hapa ni mchu. Utautambua kwa mizizi yake iliyochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, mamia kwa mamia, na kwa jani ambalo upande wa juu ni kijani na upande wa chini ni jeupe. Tope halina hewa, na mizizi hiyo ndiyo inayoupatia mti pumzi. Waonyesheni vijana vitundu vidogo vilivyo juu yake, kisha wakanyage pembeni na wala si juu yake. Sasa chagua jani safi lililo juu, mbali na mstari wa maji, na umwambie kijana mmoja aliguse kwa ncha ya ulimi. Atakunja uso. Mchu hunywa maji ya chumvi na hutoa chumvi hiyo kupitia majani, hata siku kavu mtaiona kama vumbi jeupe linalometa. Tangu nianze kazi hii, jani hili limefundisha zaidi ya maelezo yoyote niliyowahi kuandika ubaoni.

Kisha tengenezeni mraba wa mita 1 kwa mita 1 kwa vijiti vinne na ile kamba ya mita 4. Hesabuni matundu ya kaa ndani ya mraba, kwanza karibu na mti, halafu upande wa maji, muandike tarakimu zote mbili. Mkimaliza, kaeni kimya kando ya mraba dakika tano kamili bila kusogea, hata vivuli vyenu visiuguse. Mwanzo hapatakuwa na kitu. Kisha litatokea jicho moja juu ya kijiti chake, litazunguka, litazama tena. Baada ya dakika ya tatu watatoka wengi, na madume mtawajua kwa gando moja kubwa lenye rangi, ambalo hulipandisha na kulishusha kama mtu anayemwita mwenziwe ng’ambo ya barabara. Gando dogo ndilo la kulia chakula: hupeleka tope mdomoni, kaa huchuja vilivyomo, na mabaki huyaweka chini kama vidonge vidogo vya mviringo. Jike ana magando mawili madogo, naye hula kwa yote mawili, kwa hiyo hushiba upesi zaidi. Wasichana katika kundi langu hawakosi kulitaja hilo.

Mkibahatika mtawaona pia samaki wafupi wenye macho juu ya kichwa, wanaotembea topeni kwa mapezi na kurukaruka mnapowakaribia. Samaki hawa hubeba maji katika mashavu yao na hupumua pia kwa ngozi maadamu imelowa. Msiwakamate. Bakuli jeupe ni la konokono na vijidudu vya topeni tu, kwa dakika chache, kivulini, na kila kiumbe kirudishwe palepale kilipotolewa.

Hatua ya saba: chupa nne

Maji ya mto yatekwe na mtu mzima pekee, kwa ndoo iliyofungwa kamba, mahali palipoonyeshwa na wavuvi. Jazeni chupa mbili kwa maji ya mto, moja kwa maji ya katikati ambapo mto na bahari vinakutana, na moja kwa maji ya bahari. Dondosheni tone moja kutoka kila chupa juu ya kifuniko cheusi mkiache juani. Tone la bahari litaacha duara jeupe la chumvi, la katikati duara hafifu, la mto doa la udongo tu.

Katika mojawapo ya chupa mbili za mto tieni vijiko viwili vya chumvi ya jikoni, mzitikise zote mbili kwa pamoja, mziweke zimetulia. Chupa yenye chumvi itaanza kusafika kwanza, kwa sababu chumvi huifanya chembechembe ya udongo ishikamane na mwenzake, ziwe nzito na kuzama. Hivyo ndivyo tope la mto linavyotua hapa mlangoni linapokutana na bahari, na ndiyo maana kaa, na ndege wanaokula wa topeni, wana mahali pa kuishi. Chupa ya pili ipelekeni shuleni, iwekwe dirishani usiku kucha, na asubuhi mpime unene wa udongo chini yake kwa rula. Maji ya masika na maji ya Februari yatawapa tarakimu tofauti sana.

Osheni mikono kwa sabuni kabla ya mtu yeyote kugusa chakula.

Hatua ya nane: daftari la kundi

Pamoja na madaftari ya vijana, wekeni daftari moja la kundi ambalo haliendi nyumbani kwa mtu. Kila ziara iandikwe tarehe ya kalenda na ya mwezi, saa ya kupwa au kujaa, upepo, idadi ya matundu ya kaa, unene wa udongo katika chupa, na ndege waliotambuliwa kwa hakika. Wasiotambuliwa waandikwe kwa maelezo, bila kubahatisha. Chagueni pia mti mmoja mkubwa usiotikisika na mhesabu hatua kutoka hapo hadi ukingo wa maji yakiwa yamekupwa. Hatua hizo ahesabu kijana yule yule kila mara, ingawa naye, nilipokuja kugundua baada ya mwaka, alikuwa amerefuka na hatua zake pia; tangu hapo twatumia kamba yenye mafundo.

Kabla ya kuachana, fungueni kalenda mpange ziara inayofuata. Mkihesabu siku 14 au 15 kutoka bamvua moja mtaipata nyingine, na mkihesabu saba au nane mtakuta maji mafu. Mkiweza, moja ya ziara iwe mwezi wa Januari, ambapo ndege wa majini huhesabiwa sehemu nyingi za Kenya, na nyingine iwe Agosti, wageni wa Madagaska wakiwa bado wapo.